Tajiri hana wa kumwambia

Mama mmoja mwenye duka la vitenge Mwanjelwa, Mbeya, aliniambia kwamba ameingiliwa na chuma ulete, ule uchawi unaosemwa kwamba unavuta hela dukani. Alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu. Wateja anawaona kwa macho yake, vitenge vinatoka, hela inaingia kwenye droo, lakini jioni akihesabu haikubali. Wiki hii imepungua elfu ishirini, wiki ijayo elfu hamsini. Alikuwa ameshabadilisha msichana wa dukani mara mbili. Mchungaji alishakuja akaombea hadi rafu. Na ndani ya droo, chini ya noti, kulikuwa na pini iliyochomekwa kwenye kipande cha kitambaa chekundu, ushauri wa jirani. Haikusaidia.

Nilimwomba jambo moja tu. Kwa wiki mbili, kila hela inayotoka kwenye ile droo iandikwe kwenye daftari, hata akiitoa mwenyewe. Alicheka. "Na mimi tena? Si hela yangu, kaka?"

Wiki mbili zilipoisha, chuma ulete alikuwa na jina. Luku ya nyumbani. Nyama ya Jumapili. Nauli ya mgeni aliyekuwa anarudi Tukuyu. Mchango wa sendofu ya mtoto wa shemeji. Hisa za kila Alhamisi za VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa. Hakuna hata kimoja kilichokuwa anasa, na hakuna hata kimoja alichokikumbuka mpaka alipokisoma kwa mwandiko wake. Wakati huo wasichana wawili walikuwa wameshaondoka na jina la wizi. Hakunishukuru. Alifunga daftari, akasema, "Basi sawa," na nilipopita mwezi uliofuata ile pini ilikuwa bado ndani ya droo.

Nimeifikiria sana ile pini. Biashara za huku kwetu Nyanda za Juu Kusini hazina upungufu wa hesabu. Dereva wa bajaji analeta hesabu ya siku, asipoileta funguo zinachukuliwa. Mwenye mashine ya kukoboa anajua gunia la mpunga wa mahali fulani litatoa mchele kiasi gani na chenga kiasi gani. Mnunuzi wa viazi pale Uyole analijua gunia lililojazwa lumbesa, kupita kipimo, kabla hajaligusa. Kila mtu na kila kitu kinahesabiwa, isipokuwa mwenyewe. Hasara ikija, sababu zimeshapangwa tayari kama bidhaa kwenye rafu: chuma ulete, vijana wezi, dalali, TRA, serikali, mvua. Yoyote kati ya hizo inaweza kuwa ya kweli. Ila zote zinamwacha mwenye biashara akiwa msafi, na ndiyo maana hazikai rafuni muda mrefu.

Mtu atasema, mbona siku hizi watu wanajifunza sana? Kweli. Kumbi za Mbeya na Iringa hazikosi semina ya mafanikio. Msemaji katoka Dar es Salaam na suti, mnasimama, mnamfuatisha: mimi ni mshindi. Sina ugomvi na kujiamini. Lakini wafanyabiashara ninaowajua mimi, kujiamini hakujawahi kuwapungukia. Mtu anayeweka hati ya nyumba benki ili anunue mpunga ambao bei yake ya Januari haijui mtu, huyo anaweza hata kutuuzia kujiamini kwa gunia. Na kanisani, ambako wengi wetu ndiko tunakoyapima maisha yetu, ushuhuda wa biashara una umbo lake: makosa yote yalitendeka kabla ya kuokoka. Baada ya hapo ni baraka na majaribu. Sijawahi kumsikia mtu akisimama na kusema, "Bwana Yesu asifiwe, mwaka jana, nikiwa nimeokoka kabisa, nilinunua lori bovu kwa sababu jirani yangu alikuwa amenunua."

Nina haki ya kuyasema haya kwa sababu lori langu mimi lilikuwa mpunga.

Msimu wa 2012 nilinunua mpunga Igurusi. Kwa asiyepajua, ni pale Mbarali kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa na Dar es Salaam, mashine za kukoboa zilikojipanga, na mchele wa bonde la Usangu unapita hapo kwenda mikoani. Biashara yenyewe hata mtoto anaielewa. Mavuno yakianza kuingia, wakulima wana madeni ya pembejeo na ada za watoto, bei iko chini. Unanunua, unaweka mashineni, unasubiri. Kuelekea mwisho wa mwaka mpunga unaadimika, bei inapanda, unakoboa na kuuza. Ujuzi wote uko kwenye neno moja: lini.

Mwanzoni mwa 2013 serikali, baada ya bei ya mchele kuwaelemea walaji, iliruhusu mchele wa nje uingie bila ushuru. Bei zikaporomoka. Mimi nilikuwa bado nimeshikilia magunia yote. Nikauza kwa hasara, nikafuta mkopo kwa kuuza kiwanja cha Mbalizi, na kwa miaka mitano hadithi yangu ilikuwa fupi: serikali ilinimaliza. Niliisimulia misibani, niliisimulia kijiweni, niliisimulia kwenye basi kwa watu ambao hawakuuliza. Watu walinionea huruma, na huruma ni tamu jamani.

Siku moja stendi ya Nane Nane nikakutana na kijana aliyekuwa akinisimamia stoo. Si kijana tena, ana kitambi na watoto wawili. Shikamoo tajiri, marahaba, tukapiga stori, nami nikamwimbia wimbo wangu wa serikali. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akasema, "Lakini tajiri, mimi si nilikwambia Novemba tuuze nusu? Ukaniambia nikalale."

Sikukumbuka. Ningeitwa mahakamani ningeapa kwamba hakusema. Akanitajia siku yenyewe, mvua ilivyokuwa, na mnunuzi aliyekuwa ameegesha gari nje ya mashine akiwa na hela mkononi. Bei aliyotaja mnunuzi yule ingefuta mkopo wote na kubakiza. Kidogo kidogo nikaanza kuliona lile gari. Lilikuwa Fuso, la bluu.

Usiku ule nilikaa nikijiuliza kwa nini sikuuza. Nilitafuta sababu ya soko, nikaikosa. Niliyoipata ilikuwa ya aibu. Mwaka uliotangulia, jirani yangu wa mashine aliuza mapema, bei ikapanda baada yake, na mimi nilimcheka mbele za watu. Nilimpa jina la Mzee wa Haraka, na jina likamganda kama utomvu wa ndizi. Sasa ningeuza nusu Novemba, ningekuwa Mzee wa Haraka wa pili. Hati ya benki, kiwanja cha Mbalizi, ada za watoto, vyote hivyo vilikuwa vimewekwa rehani ili kulinda utani. Stoo nilikuwa nimehifadhi mdomo wangu. Mpunga ulikuwa juu yake tu.

Serikali kweli iliruhusu mchele. Hilo halijabadilika, na aliyeumia ana haki ya kulalamika. Lakini uamuzi ule ulinikuta na magunia yote badala ya nusu, na hilo lilikuwa langu. Ninachokirudia kichwani hadi leo ni kwamba sababu yangu ya kweli haikuwa na mahali pa kukaa. Nisingeweza kumwambia ofisa mikopo, nisingeweza kumwambia mke wangu. Kama mtu angenishika mkono Novemba ile na kunilazimisha niiandike, "siuzi kwa sababu nitachekwa," nadhani ningeita lile Fuso lirudi.

Kusahau kwangu si uzee. Mwaka 1972, Rais Nixon wa Marekani akiwa karibu kwenda China na Umoja wa Kisovieti, watafiti wawili, Baruch Fischhoff na Ruth Beyth, waliwaomba wanafunzi wakadirie uwezekano wa mambo mbalimbali kutokea katika safari hizo. Safari zilipokwisha waliwaomba wakumbuke makadirio yao wenyewe. Matokeo yalichapishwa 1975. Yale ambayo watu waliamini yametokea, walikumbuka kuwa waliyatarajia kuliko walivyokuwa wameandika mwanzoni. Hawakuwa wanadanganya. Kumbukumbu ilikuwa imepita usiku na kusahihisha daftari bila kuomba ruhusa.

Ndiyo maana siamini sana ushauri ule wa "tenga muda wa kujitafakari" tunaopewa viongozi wa biashara, kama vile kukaa barazani ukiutazama mlima Loleza kutakuletea ukweli. Ukikaa barazani unatafakari kwa kumbukumbu iliyokwisha kupikwa. Unaonja mchuzi wako mwenyewe na kuusifu. Tafakari inayofaa biashara huanza kabla ya jambo kutokea, matokeo yakiwa bado hayajulikani na aibu ikiwa bado haijapata nguo. Peter Drucker, aliyeandika sana kuhusu uongozi wa kampuni, alishauri kwamba kwa kila uamuzi mkubwa uandike unachokitarajia, kisha baada ya miezi tisa au kumi na miwili urudi kulinganisha. Kwa mfanyabiashara wa huku mimi naongeza mistari mitatu.

Ninatumia kaunta buku la kawaida, lile la jalada gumu. Naandika tarehe, ninachofanya na ninachotarajia. Kisha naandika ni bei gani, au habari gani, itanifanya nibadili mawazo. Bila hiyo utajiambia "ngoja kidogo" hadi mchele wa nje ukukute. Naandika nani amenipinga na alisema nini, kwa maneno yake, si kwa maneno yangu. Na mwisho naandika mstari unaoanza na "sababu nyingine." Huo ndio wenye jasho. Mistari mingine hata karani angeijaza. Mara ya kwanza nilipoujaza niliandika "hakuna." Mara ya pili niliandika "hakuna," nikalala, nikaamka saa nane usiku kuufuta.

Na mtu asiandike hasara tu. Faida ndiyo haichunguzwi na mtu. Ukipata hasara ndugu wanakuja kuuliza kulikoni. Ukipata faida wanakuja kula. Mwaka niliomcheka yule mzee mimi nilipata faida nzuri kwa kushikilia, nikajiona nimeijua siri ya mpunga. Siri yenyewe ilikuwa kwamba mwaka ule hakuna kilichotokea. Bahati ilivaa koti langu na mimi nikadhani ni mwili wangu.

(Huwezi kuandika makala ya Nyanda za Juu bila Mkwawa kupita, basi apite. Agosti 17, 1891 pale Lugalo, Wahehe wake waliwavizia askari wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, porini na kuwamaliza. Oktoba 1894 Wajerumani waliporudi na mizinga, walikuta wanasubiriwa ndani ya kuta za Kalenga, na kuta zikaanguka. Mkwawa akarudi porini, na huko walimtafuta karibu miaka minne, hadi Julai 1898. Usomaji wangu mimi, na watu wa Iringa waniwie radhi: Lugalo ilisifiwa kuliko ilivyochambuliwa. Porini ndiko alikokuwa na nguvu, mwanzo na mwisho.)

Sasa turudi kwa yule kijana wa stoo, maana nusu ya shida iko kwake, au tuseme iko kati yake na mimi. Neno tajiri lenyewe lina mambo. Kiarabu lilikotoka maana yake ni mfanyabiashara, basi. Kwetu likawa mwenye mali, kisha kwa dereva, konda na kijana wa stoo likawa ndilo jina la mwajiri. Hata mwenye bajaji moja aliyoichukua kwa mkopo ni tajiri. Ukiitwa hivyo asubuhi hadi jioni, neno linaanza kukujenga. Tajiri haambiwi amekosea. Anaambiwa "sawa tajiri."

Na ukimtazama kijana kwa haki, hesabu yake ni sahihi kabisa. Akisema tuuze nusu na ikawa kweli, anapata nini? Hakuna gunia lake mle. Akisema na ikawa si kweli, ndiye aliyemponza bosi. Kunyamaza ni bure. Nilimuuliza pale stendi kwa nini hakurudia Desemba, kulikuwa bado na nafasi. Akaniangalia kama anayeshangaa swali lenyewe. "Uliniambia nikalale, tajiri. Nikalala."

Neno moja lile lilinigharimu kiwanja. Kiongozi wa biashara ndogo hana bodi, hana mkaguzi, hana gazeti la kumwandika. Ana watu wanne watano ambao mkate wao uko mkononi mwake, na mke au mume ambaye mara nyingi anaonyeshwa hesabu zikiwa zimeshapigwa pasi. Kadiri biashara inavyokua ndivyo ukweli unavyozidi kuwa na safari ndefu kabla ya kumfikia. Kukua kwake yeye, kama neno kukua lina maana yoyote hapa, ni kuifupisha hiyo safari, na haifupiki kwa kutangaza kwamba "mlango wangu uko wazi." Milango yetu huku iko wazi siku zote, tunauza nje ya milango.

Nina rafiki Makambako, pale njia ya Njombe inapoachana na barabara kuu, ana duka la vifaa vya ujenzi. Kila Jumamosi kabla ya kulipa posho anawauliza watu wake swali moja: hela hii ingekuwa yako, ungebadilisha nini wiki ijayo? Anaanza na kuli, anapanda hadi kwa muuzaji mkuu, yeye anasema mwisho. Mpangilio huo ndio ujanja wote. Tajiri akianza, waliobaki wanaitikia. Wiki sita za mwanzo alijibiwa "hakuna tajiri, mambo safi." Alitaka kuacha. Wiki ya saba kuli mmoja akasema mifuko ya saruji ya chini kabisa stoo inaganda kila msimu wa mvua, kwa sababu imepangwa sakafuni bila mbao. Kwa nini bila mbao? Kimya. Kisha yule kuli akasema, "Wewe ulisema mbao ni gharama."

Walijua wote, na walikuwa wamejua miaka miwili. Mifuko iliyoganda ilikuwa ikitupwa nyuma ya stoo taratibu, na rafiki yangu alikuwa amemshuku mlinzi kwamba anauza saruji usiku. Jumatatu alinunua mbao, na nadhani ile Jumatatu ilikuwa na uzito kuliko swali lenyewe. Kuli akiona maneno yake yamekuwa mbao, Jumamosi inayofuata anakuja na mengine.

Kinachonichekesha ni kwamba jambo hili wake zetu wanalifanya kila wiki bila semina. Angalia kikundi cha VICOBA. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, na mwenye sanduku hana ufunguo. Hela zinahesabiwa mbele ya wote kwa sauti. Akichelewa mtu anatozwa faini hapo hapo, hata awe mwenyekiti. Yule mama wa Mwanjelwa kila Alhamisi anakaa kwenye mkeka na kukubali kuhesabiwa na watu kumi na tano, kisha Ijumaa anafungua duka ambalo yeye ndiye kufuli, yeye ndiye ufunguo, yeye ndiye sanduku. Hakuna aliyemwambia kwamba kile anachokifanya mkekani kingeweza kufaa kaunta.

Muda? Kila mfanyabiashara ataniambia hana. Huko India, kampuni ya Wipro ilipokuwa inafundisha wafanyakazi wapya, watafiti walichukua kundi moja na kulitengea dakika 15 za mwisho wa siku kuandika walichojifunza, huku kundi jingine likiendelea na kazi. Katika mtihani wa mwisho walioandika waliwapita wenzao kwa zaidi ya asilimia 20, ingawa walifanya kazi kwa muda mfupi zaidi. Dakika 15 ni chini ya muda tunaoutumia kusubiri chai ya saa nne.

Kuna upande mwingine nisioweza kuuruka, maana nimeona watu wakiumizwa nao. Soko la Mwanjelwa liliungua 2006. Soko la SIDO, huku huku Mbeya, likaungua 2017. Watu walilala wana mtaji wakaamka wana mkopo. Mtu kama huyo ukimwendea na kaunta buku na kumwuliza "ulichangiaje?" unastahili kupigwa. Zipo hasara ambazo si za mtu. Mipaka inafungwa na kufunguliwa, mbolea inapanda bei, shehena inakwama mpakani Tunduma siku tisa na nyanya hazijui kusubiri. Kujichunguza si kujilaumu, na wafanyabiashara wanaojilaumu kwa kila kitu nao wanaharibikiwa, tena haraka, kwa sababu wanaogopa kuamua. Daftari lililoandikwa kabla linawasaidia hata hao. Mwaka mwingine nilirudi kwenye maandishi yangu baada ya hasara ndogo ya viazi, nikasoma sababu, nikasoma matarajio, nikaona kwamba kwa nilichokijua siku ile uamuzi ulikuwa sawa. Nikafunga, nikala ugali wangu. Hapo zamani ningefukuza mtu.

Watu wa Mafinga nao walinifundisha jambo ambalo sikulifikiria. Mufindi ni nchi ya miti. Mtu anapanda msindano leo akijua mbao nzuri zitahitaji miaka kumi na mitano, au zaidi. Wengi hawafiki. Ada inabana, mgonjwa anapelekwa Muhimbili, mnunuzi anakuja na msumeno, shamba linaondoka likiwa na miaka minane au tisa kwa bei ya nguzo nyembamba. Mzee mmoja alinitembeza kwenye shamba aliloachiwa na baba yake. Kuna sehemu miti imepunguzwa, sehemu imeachwa isongamane, kona moja ina mikaratusi peke yake karibu na kijito, jambo ambalo leo kila bwana misitu analikataza kwa sababu inakunywa maji. "Baba alikuwa na akili sana," alisema. "Lazima alikuwa na sababu." Basi hathubutu kugusa kitu. Amerithi hekta na hakurithi sababu hata moja, kwa hiyo analinda makosa ya marehemu pamoja na hekima yake, bila kujua kipi ni kipi. Inawezekana ile mikaratusi ilipandwa pale kwa sababu miche ilibaki na jua lilikuwa linazama.

Nilirudi Mbeya na basi la jioni, nikapita Igurusi gizani, taa za mashine zinawaka. Watoto wangu wakubwa wanajua nina mpunga. Hawajui kwa nini.

Msimu huu nina magunia tena, machache. Nimeandika: nitauza nusu bei ikifika ile niliyoiandika kwenye mstari wa bei, hata kama bado inapanda. Aliyenipinga: mke wangu. Maneno yake: "Uza yote kabla ya Krismasi, Januari ina ada." Sababu nyingine: yule jirani wa mashine bado yupo, bado anaitwa Mzee wa Haraka, na mwaka huu ameanza kushikilia, nami sitaki anipite. Mstari huo niliufuta, nikauandika tena. Kisha, kwa mara ya kwanza, nikampa mke wangu lile kaunta buku asome.

Alisoma polepole, akirudi nyuma kurasa mbili tatu. Alipofika mwisho hakusema lolote kuhusu Krismasi wala ada. Aliuliza, "Hivi huyo mzee umeshawahi kumwomba radhi?"